Mikono Miwili ya Tano

Prof hakuwa mtu wa kupiga hodi. Alikuwa anasimama barazani pa karakana yangu hapa Kamembe, mpakani na Congo, jua likimpiga mgongoni, mpaka kivuli chake kinaanguka juu ya kitambaa ninachokata na mimi ninalazimika kuinua uso. Ndipo anasema, "Fundi, uko na karatasi?" Salamu zilikuja baadaye, kama zilikuja.

Karatasi aliyoitaka ni ile ya mifuko ya saruji. Madereva wa malori ya kiwanda cha saruji cha Muganza walikuwa wananiletea mifuko mitupu, mimi ninaikung'uta na kuifungua, ninachora juu yake vipande vya nguo kabla sijagusa kitambaa cha mtu. Mabaki nilimwekea yeye. Aliyachora miraba kwa rula yangu ya mbao, mstari kwa mstari, mpaka karatasi nzima ikawa kama chandarua, kisha anaanza kutia nukta. Vidole vyake vilikuwa na vumbi la aina mbili, la chaki na la saruji. Akinyoosha mkono kushika shati jeupe la mteja, mke wangu anafumba macho.

Ninaandika habari zake katika daftari hili kwa sababu kuna jambo nilimnyima, na sijui niliweke wapi isipokuwa hapa. Nilisoma mpaka mwaka wa tano wa shule ya msingi, basi. Mahali ninapoeleza namba zake nitakosea. Niliyoyaona nitasema niliyaona, niliyoambiwa nitasema niliambiwa, na mabaya yake nitayatia pamoja na mazuri, maana mtu akisifiwa tupu hatumjui tena.

Alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, na kwetu walimu hao wanaitwa Prof hata kama suruali imepasuka. Alikulia Bukavu, ng'ambo ya daraja, kama wengi waliorudi kutoka uhamishoni. Vita vya kwanza vya Congo vilipoingia Bukavu, yeye alikuwa upande huu siku ile, amekuja kuulizia kazi. Mke wake na binti yao wa miaka saba walikimbia na watu wa mtaa wao kuelekea ndani, njia za msituni. Mke alifia njiani. Hilo aliletewa na jirani aliyekuwepo, ambaye alisaidia kuzika. Jirani huyo alisema mtoto alipokelewa na kundi jingine lililotangulia. Kundi gani, hakujua. Mtoto aliitwa Furaha.

Hayo yote alinieleza mara moja tu, na alinieleza kwa sababu ya kazi.

Alikuja kabla ya shule kufunguliwa. "Nataka gauni ya shule," alisema. "Ya bluu. Ya mutoto wa miaka minane."

"Mlete nimpime."

"Hayuko."

"Nipe basi gauni lake la zamani."

"Haiko." Akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa na mabega, kifua, kiuno na urefu, vyote vimeandikwa kwa mwandiko mzuri. Alikuwa amekumbuka vipimo vya mwaka uliopita na kuongeza vile watoto wanavyokua. Nilimwambia mtoto hakui kwa hesabu. Ndipo akaeleza. Alipomaliza hatukutazamana. Mimi nilijifanya natafuta chaki.

"Ishie juu ya goti," alisema.

"Prof, masista wa shule hawatakubali. Gauni la shule linafunika goti."

"Juu ya goti, Fundi. Goti la kushoto liko na kovu. Ncha ya pasi ya makaa ilimuchoma akiwa na miaka ine. Nataka ionekane. Siku muntu atamuona njiani, aone na kovu."

Nikakata juu ya goti.

Mwaka uliofuata alirudi na karatasi nyingine, ya miaka tisa. Kisha kumi. Gauni likiwa tayari halichukui mara moja. Analiacha limening'inia ukutani kwangu wiki moja, wiki mbili, anakuja kulitazama. Watu wengine aliwaambia binti yake anasoma Bukavu kwa shangazi. Niliwahi kumsikia akimjibu hivyo mama mmoja hapa hapa barazani, bila kupepesa macho, yeye ambaye darasani anamsimamisha mwanafunzi saa nzima kwa kuandika "karibu sawa". Alikuwa anasema namba haijui kudanganya. Yeye alijua. Simlaumu. Ninaandika tu kwamba alijua.

Sasa namba zake.

Siku moja ilinyesha tangu asubuhi, wateja hakuna. Prof akachukua pini yangu, akaichoma katikati ya karatasi yake ya miraba, juu ya meza ya kukatia.

"Hapa kwa pini ni nyumbani," alisema. "Toka nyumbani, piga miraba mbili kulia, moja juu. Weka nukta."

Nikaweka.

"Hii ni namba."

"Moja au mbili?"

"Moja. Iko na miguu mbili, lakini ni muntu moja. Wewe uko na miguu ngapi?"

"Mbili."

"Kwani tunakuita Bafundi, kama bantu babili?" Alicheka peke yake. "Sasa tupime. Mbili mara mbili?"

"Nne."

"Moja mara moja?"

"Moja."

"Jumlisha."

"Tano."

"Kipimo chake ni tano." Kwa Kifaransa alikiita *norme*, lakini kwangu alisema kipimo siku zote, labda kwa sababu nilikuwa na utepe shingoni. Akaizungusha karatasi juu ya pini, robo ya mzunguko, na mahali nukta ilipoangukia akatia alama ya chaki kwenye meza. Akazungusha robo nyingine, akatia alama, mpaka karatasi ikarudi ilipoanza. Alama nne. Tulipima kila moja kwa miraba. Tano, tano, tano, tano.

"Ni bantu ine, ao ni muntu moja?"

"Ni mmoja. Amegeuka."

"Njo hivyo! Hao ni wenzi. Ukimujua moja, umewajua bote. Na ile kitu inawageuza, kipimo chake ni moja tu. Haipunguze, haiongeze. Inageuza na inaenda zake." Kwa mujibu wake, katika nchi ile ya miraba vipo vigeuzi vinne tu: kuacha kama ilivyo, robo, nusu, na robo tatu.

Kisha akatia chaki mahali pengine mezani, miraba miwili kulia na mmoja chini. "Na huyu?"

Nikapima. Tano. "Mwenzao," nikasema haraka, kama mtoto anayetaka kusifiwa.

"Mufikishe pale basi. Geuza."

Nikageuza. Robo, robo, robo, robo. Nukta yangu ilipita huku na huku ya ile chaki, haikuikanyaga hata mara moja. Nilianza kuona aibu. Kisha nikaona kitu ninachokijua.

"Prof," nikasema, "huo ni mkono wa kushoto."

"Eh?"

Nikamweleza. Nilipokuwa ninajifunza ushonaji nilipewa khaki, kitambaa chenye uso na mgongo, nikakata mikono miwili ya shati kwa karatasi moja bila kuipindua. Nikapata mikono miwili ya kulia. Urefu ule ule, upana ule ule, ukipima kwa utepe huoni tofauti. Lakini ugeuze utakavyogeuza, mkono wa kulia haugeuki kuwa wa kushoto. Lazima uupindue, na ukiupindua mgongo wa kitambaa unatoka nje. Bwana aliyenifundisha alinivalisha shati lile kutwa nzima sokoni.

Prof aliitazama nukta, halafu ile chaki. Kisha akacheka mpaka akakohoa, akanipiga begani, vumbi likaruka. "Miaka ishirini ninafundisha hii kitu. Hakuna muntu aliniambia vile. Mikono mbili ya kulia!" Akaandika kwenye kikaratasi, akakitia mfukoni. Niliambiwa na wanafunzi kwamba tangu siku ile alikuwa anaingia darasani na shati langu bovu la mfano, aliloniomba nimshonee makusudi, na anamwita mmoja alivae mbele ya wenzake.

"Basi usahau kila kitu, usisahau hii," aliniambia. "Kipimo kikiwa mbali-mbali, hao si wenzi, usipoteze wakati. Kipimo kikiwa sawa, bado haujajua. Inaweza kuwa mwenzake, inaweza kuwa mukono wa kushoto. Hapo sasa muntu anafanya nini? Anaga..."

Akaingia mteja, mama wa Mururu, na kitenge chake kimelowa. Nikaondoka mezani. Nilipomaliza naye Prof alikwisha kukunja karatasi. Nilijua alikuwa hajamaliza. Sikumwuliza, na nilibaki na nusu ya somo. Nusu hiyo niliipenda, nilikuwa ninawaambia watu: kipimo sawa si ushahidi.

Mengine nilichukua vipande vipande. Alisema ukizidisha ile mbili-kulia-moja-juu kwa ile mbili-kulia-moja-chini, unapata tano kamili, tano ya kawaida ya sokoni. "Bantu bote banasema tano haivunjike. Inavunjika! Tano ni shati, Fundi: mukono wa kulia mara mukono wa kushoto." Nikamwuliza na tatu? Akasema tafuta namba mbili nzima, kila moja uizidishe kwa yenyewe, jumla iwe tatu. Nilitafuta wakati wa kupiga pasi. Haipo. "Tatu haina mikono," alisema, kwa heshima, kama anayezungumzia mtu mgumu wa kijijini. Na mbili? "Mbili ni soksi. Ya kulia ukiigeuza ni ya kushoto."

Palikuwa na nchi nyingine ya namba, yenye mzizi wa mbili ndani yake, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata mbili, ambako kipimo ni kutoa badala ya kujumlisha. Kule, alisema, vigeuzi havina mwisho, na vingine ni vikubwa vya kutisha. Alinionyesha kimoja: tisini na tisa, na mara sabini ya ule mzizi. Unazidisha tisini na tisa kwa yenyewe, unapata elfu tisa mia nane na moja. Sabini kwa yenyewe, mara mbili, ni elfu tisa mia nane. Toa. Inabaki moja. "Mwili wote ule," alisema, "na kipimo ni moja!" Mwezi ule alikuja mkaguzi wa shule, mtu mnene, mwenye gari na mkoba na sauti. Aliposimama kwangu kushonewa kifungo, Prof alikuwa amekaa kwenye kigoda chake.

"Mheshimiwa," Prof alisema kwa unyenyekevu mkubwa, "wewe nakuona kama tisini na tisa na sabini."

Mkaguzi alifurahi. Alishukuru. Mimi nilijichoma sindano.

Hayo ndiyo mazuri. Alikuwa pia mkali bila sababu. Msichana mmoja wa mjane alipata jibu sahihi kwa kubahatisha, akakiri, na Prof akaichana karatasi yake mbele ya darasa. Nilimwona binti huyo akilia barazani kwangu nikimshonea ukosi. Siku ya tatu Prof alimletea daftari zima la miraba, kurasa zote amezichora kwa mkono wake mwenyewe kwenye karatasi za saruji na kuzishona kwa uzi wangu. Radhi hakuomba. Alisema tu, "Hapa ndani usibahatishe."

Mara mbili watu walimletea habari za Furaha. Mara ya kwanza ilikuwa Bugarama, karibu na mpaka wa Ruhwa. Alikwenda, akarudi siku ile ile. "Kipimo mbali-mbali," alisema. Msichana alikuwa mkubwa mno. Hakuonekana kuumia sana. Mara ya pili ilikuwa Bukavu, na vita vya pili vilikwisha kuanza. Alivuka daraja la Rusizi ya Kwanza watu wakirudi huku mbio. Alikaa kule wiki tatu, mbili kati ya hizo ameshikwa na askari, sijui wa upande gani, naye hakujua. Alirudi miguu imevimba. Mtoto alikuwa ni wa miaka ile ile, na jina lile lile, na alipotea msituni vile vile. Hakuwa yeye. Lakini mtoto alimwita Papa siku mbili nzima, kwa sababu naye alikuwa anatafuta baba yake.

"Alikuwa anaitika, Fundi," aliniambia kitandani. Mke wangu alikuwa amempelekea uji. "Mi namuita Furaha, anaitika. Nilimuacha pale. Analia." Akageukia ukuta. "Muntu wa tatu akikuja na habari, umwambie asikuje."

Niliandika maneno hayo siku ile ile, katika daftari la kabla ya hili. Nimeyatafuta tena leo, yapo. Nayaweka hapa si kwa kujitetea. Au labda ni kwa kujitetea. Msomaji ataamua.

Ilikuwa kama miezi kumi baadaye. Nilikwenda darajani kumkabidhi mchukuzi mzigo wa nguo za mteja wa Bukavu. Pembeni ya barabara, chini ya mahema ya plastiki, palikuwa na wakimbizi waliotoka msituni, wanaandikishwa na kupakiwa kwenye malori. Ilikuwa kawaida wakati ule. Nilikuwa nimekwisha kupita nilipomwona mtoto wa kike amechutama karibu na gurudumu, anachora mchangani kwa kijiti.

Fundi wa nguo hawezi kumtazama mtu bila kumpima. Mabega, kifua, kiuno, urefu. Nilisimama katikati ya barabara. Gauni lililokuwa limening'inia kwangu ukutani, la miaka kumi na moja, lilikuwa la mtoto yule.

Nikamsogelea. "Unaitwa nani, mama?"

"Furaha."

Furaha upande ule ni jina la kila nyumba. Nilijiambia hivyo. Nikatazama magoti. Palikuwa na kovu la pembe tatu, lenye ncha. Kwenye goti la kulia.

Goti la kulia. Alisema la kushoto. Na hapo, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo, kama siku ile mezani. Nilijisikia mwerevu. Nikasema moyoni: kipimo sawa, mkono wa kushoto. Huyu ni yule wa Bukavu tena, atamwita Papa siku mbili, naye atarudi miguu imevimba.

Nilimpa mtoto mandazi niliyokuwa nayo. Alishukuru kwa mikono miwili. Sikumwuliza baba yake ni nani. Sikumwuliza nani alimchoma. Mvua ilikuwa inakuja, mchukuzi ananiita, na mimi nilikuwa ninaogopa. Ni ipi kati ya hizo ilikuwa sababu ya kweli sijajua mpaka leo. Nilipogeuka mara ya pili lori lilikuwa linapanda kilima. Walikuwa wanawapeleka mbali, wengine Gikongoro, wengine Butare, wengine hata Kibungo.

Siku ile jioni Prof alisimama mlangoni. "Uko na karatasi?" Nikampa.

Sikusema. Ningesema kesho yake, malori hayakuwa mbali. Kesho yake sikusema. Baada ya wiki ilikuwa vigumu kuliko siku ya kwanza, na baada ya mwaka ilikuwa kama jambo lililotendwa na mtu mwingine. Nilikata gauni la miaka kumi na miwili. La kumi na mitatu. Mkono wangu ulikuwa unajua kitu, na mkasi ulikuwa unakwenda. Prof alihamishiwa shule ya Bugarama, akachukua magauni yote, akawa ananitumia vipimo kwa dereva wa lori la mchele.

Gauni la miaka kumi na sita sikulituma. Nililipeleka mwenyewe. Vita kule Congo vilikuwa vimetulia, au walisema vimetulia. Dereva aliniambia Prof anaumwa, hafundishi tena kila siku. Hilo nalo lilinisukuma, kwa hiyo sitajisifu kwamba dhamiri peke yake ilinipandisha gari.

Bugarama ni joto, na mashine za mchele zinanguruma kutwa. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya shule. Amekonda, shingo imebaki kamba. Magauni yalikuwa yametundikwa kwenye waya toka ukuta mpaka ukuta, kutoka dogo mpaka kubwa, yote yameishia juu ya goti. Nililiweka la mwisho mwishoni. Alilishika pindo akalitazama mshono.

"Umeanza kuzeeka, Fundi. Hapa umeteleza."

"Ni kweli, Prof."

"Kaa."

Sikukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kuanzia mchukuzi mpaka lori. Sikuruka mandazi, wala kufurahi kwangu. Alisikiliza ametazama mikono yake.

"Ni miaka ngapi?"

"Mitano, Prof."

Mashine ya mchele ilinguruma, ikanyamaza, ikaanza tena.

"Ulisema mtu wa tatu asije," nikasema. Nilikuwa nimejiapiza kutosema hilo.

"Nilisema vile?"

"Nimeandika."

"Nilikuwa na homa." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Goti gani?"

"La kulia."

Akainuka kwa shida. Akavuta kiti kitupu, akakiweka mbele yake kama kuna mtu amekaa anamtazama. Akachutama, akanyoosha mkono wake, wa kushoto, kama anayempaka mtoto dawa. Mkono ukasimama hewani juu ya kiti. Mimi niliuona kabla yake, nadhani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya goti la kulia la mtoto.

Miaka thelathini ninapima watu wakiwa wamenikabili. Kila siku kulia kwao ni kushoto kwangu. Kitu cha kwanza fundi anachofundishwa ni hicho.

"Sijue," Prof alisema hatimaye. "Nilikuwa namupaka dawa hivi. Nikasema kushoto. Ao alikuwa amekaa vingine. Sijue tena, Fundi." Akarudi kitandani akakaa. "Na hata ingekuwa la kulia kabisa. Kipimo kikiwa sawa, muntu anafanya nini?"

"Hukumaliza kunifundisha."

"Anagawanya. Unagawanya huyu kwa yule. Ukipata kigeuzi, ni mwenzi. Ukikosa, si mwenzi, unaenda nyumbani. Kipimo sawa si jibu, ni ruhusa ya kuuliza. Wewe haukugawanya."

"Sikugawanya."

"Na haikukuwa kazi yako. Ilikuwa yangu."

Wapo watu wangesema amenisamehe, kwa sababu baadaye alinipa maji. Mimi siwezi kuandika hivyo. Alinipa maji kwa sababu palikuwa na joto.

Nilikuwa nimeshika mlango aliponiita.

"Alikuwa amevaa nini?"

Uso wake mtoto yule sikuukumbuka, na mpaka leo siukumbuki. Lakini nguo ninaikumbuka. Ningependa kumdanganya siku ile kwa jambo lolote la kumfaa, na ninamshukuru Mungu kwamba hapo sikuhitaji.

"Gauni la kijani," nikasema. "Kuukuu. Bega moja limetiwa kiraka cha kitambaa kingine, chekundu kidogo. Vifungo viwili vya mgongoni havifanani. Pindo limeshushwa."

"Limeshushwa vipi?"

"Mara mbili, Prof. Mikunjo ya zamani inaonekana, mistari miwili. Mtoto alikuwa anakua, na kila akikua mtu anashusha."

Alitazama magauni yake kwenye waya, la kwanza mpaka la mwisho.

"Kwa mashine?"

"Kwa mkono."

"Mishono ya haraka?"

"Hapana, Prof," nikasema. "Midogo midogo. Ya mtu aliyekaa chini akatulia."